Jiko Jipya na Dua ya Hawa

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Nimeamka kabla ya tarumbeta ya kambi ya jeshi. Kama kila siku. Nimefagia uani. Nimechemsha chai kwa sigiri ya zamani, makaa mabichi, nimekohoa mpaka machozi. Mkate wa jana. Nimekula nimesimama. Mtu mmoja akae mezani kwa nini.

Asubuhi fundi ameleta jiko. Nilidhani atakuja mwanamume. Kumbe mwanamke, anaitwa Nakato, mikono kama ya mpiga ngumi. Jiko limenunuliwa na binti yangu Rehema kwa sababu ya kifua changu. Daktari alimwambia moshi wa sigiri utaniua. Upuuzi. Mimi moshi umenilea. Nilikuwa sajini wa jiko. Bataliani nzima ilikula kwa mkono wangu na hakuna aliyewahi kusema chumvi imezidi. Nani angethubutu.

Jiko ni zuri, sikatai. Jeusi, la chuma, linatumia kuni. Ndani limejengwa kwa matofali ya udongo. Juu lina bamba pana la kupikia. Nyuma kuna bomba la moshi, linapanda mpaka darini na kutoboa bati. Kwenye bomba kuna saa ndogo ya joto. Ina rangi tatu na mshale unaotembea. Manjano, kijani, nyekundu.

Nakato akaanza kunifundisha. Moto wa kwanza mdogo, vijiti tu. Ufe wenyewe. Siku inayofuata mkubwa kidogo. Halafu kidogo tena. Udongo wa ndani bado una maji, ukiuharakisha unapasuka. Rangi ya chuma itanuka, fungua madirisha. Mshale ukikaa manjano siku zote, masizi yanajaa bombani. Ukifika nyekundu, bomba linaweza kuwasha dari. Mahali pake ni kijani. Kuni kavu. Usiliache peke yake likiwaka. Akaendelea, akaendelea. Mimi nikamweleza tulivyopika porini mvua ikinyesha, sufuria mtu mzima anaweza kuoga ndani. Tukamaliza pamoja, yeye na mimi.

"Umesikia, mzee?"

"Mama, jiko ni mimi."

Akacheka. "Basi mpola mpola, ssebo. Usije ukapasuka na wewe."

Mpola mpola, yaani polepole; ssebo ni kama bwana. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia polepole jikoni.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Moto wa kwanza. Nimeona aibu. Vijiti kama vya kuchokolea meno. Mama Akello amechungulia juu ya ukuta. Huyu ni jirani yangu, mjane wa polisi, mtu wa Gulu. Amekuwa akinilalamikia moshi tangu zamani.

"Afande! Unapikia panya?"

Nimefunga dirisha. Halafu nimekumbuka rangi inanuka, nimelifungua tena. Alikuwa bado pale.

Harufu kama ya gari jipya linaloungua. Nimekaa kwenye kigoda na mkono juu ya bamba. Vuguvugu. Mshale haukutoka kwenye manjano. Asubuhi nzima nimekaa hivyo. Sijakaa karibu na kitu kwa muda mrefu namna hii tangu Hawa, mke wangu, alipokuwa mgonjwa.

Mchana Rehema amepiga simu. Hawa anatimiza mwaka tangu afariki Jumapili ya tarehe 19. Rehema anataka dua isomewe kwake Kyebando. Ana uwanja, ana turubai, wanawake wa kupika wapo. Nimesema hapana. Hawa alifia nyumba hii, ataombewa nyumba hii. Tumevutana. Mwisho amesema, "Sawa, Baba. Jiko likikaa vizuri, na wewe ukiwa salama nalo, tutakuja wote. Lakini sigiri sitaki kuiona. Jiko likikataa, dua Kyebando, na tusigombane."

Nimekubali. Jiko gani la kunikataa mimi.

Tangu tulipokunja mikeka ya msiba, nyumba hii inaingiwa na mimi na paka. Watu wanasimama getini, wanasalimia, wanapita. Ninataka wavue viatu mlangoni. Ninataka viwe vingi mpaka mtu akose chake.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Moto wa pili. Nimeongeza kijiti kimoja kikubwa. Mshale umesogea, umerudi. Mvua nje. Hakuna cha kufanya ila kukaa. Nimeanza kuliambia jiko habari za kambi ya zamani. Nimenyamaza. Mzee anayeongea na chuma watampeleka hospitali.

Nimetafuta bakuli la Hawa la kuchachushia unga. Lipo. Jumapili hiyo nitapika gurusa mwenyewe. Unga unalala mpaka uchachuke, unaumwaga mwembamba juu ya chuma cha moto, unageuka mkate. Kazi ya wanawake wetu wa Kinubi tangu babu zetu walipokuja na jeshi kutoka Sudani. Hakuna dua ya Mnubi bila gurusa. Mimi sijawahi kupika hata moja. Lakini nimemtazama Hawa miaka yote. Kutazama ni nusu ya kazi.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Jana sikuwasha moto. Mvua, na uvivu. Naandika ukweli, hapa hakuna wa kunicheka.

Leo msikitini, baada ya swala, nimesimama nje na wazee. Nimesema, tarehe 19 nyote kwangu Mbuya, gurusa kwa mkono wangu. Wamecheka mpaka wengine wameshika ukuta. Musa amecheka kuliko wote. Musa alikuwa dereva wa lori letu la chakula. Hajui hata kuchemsha yai.

"Gurusa? Wewe? Hawa atafufuka aje akunyang'anye mwiko."

"Njoo kesho uone jiko kwanza," nimemwambia. "Uone jinsi linavyonguruma."

"Nitakuja kukagua, Afande. Panga kuni mstari."

Nimerudi nyumbani kwa furaha. Kesho kuna mtu anakuja. Nimefuta vumbi kwenye kiti cha pili.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Mkono wa kulia umeungua. Naandika kwa wa kushoto. Polepole.

Musa alikuja. Akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha pili, akaweka fimbo kati ya magoti. Nikawasha. Moto wa vijiti, kama alivyosema fundi. Musa akatazama.

"Hili ndilo linanguruma? Mbona linapumua kama mgonjwa wa pumu?"

Nikatia kuni za kalitusi. Nikafungua kitundu cha hewa chote. Mshale ukaingia kijani. Nikamwonyesha. Akasema bado baridi, hata mkono wake haujaona joto. Nikajaza jiko mpaka mlango ukakataa kufunga. Sasa likanguruma. Musa akapiga makofi. Wallahi nilisikia raha. Mwaka mzima sikuwa nimepigiwa makofi.

Mshale ukapita kijani kama hauna breki. Nyekundu. Bomba likaanza kulia. Mbao za dari karibu na bomba zikawa kahawia, zikaanza kutoa moshi.

"Afande, toka! Tutoke!"

Sikutoka. Mkono ulifanya unachokijua. Porini amri ilikuwa moja. Tukisikia lolote, moto wa jiko unazimwa kwa maji papo hapo, adui asione moshi. Hakuna kufikiri. Sajini wa jiko anayefikiri amekufa. Nikanyanyua ndoo, nikamwaga yote ndani.

Mlio kama wa bunduki. Mvuke ukanirukia. Musa akalala kifudifudi sakafuni, mikono juu ya kichwa. Mzee yule, na magoti yake mabovu. Mwili haujasahau.

Mvuke ulipoisha nikaona. Bamba limepasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Matofali ya ndani yameanguka. Maji meusi mpaka chini ya kitanda.

Dari haikuwaka. Hilo tu.

Nilimsaidia Musa kuinuka. Akavaa viatu vyake. Hakucheka. Hilo ndilo limeniumiza zaidi kuliko mkono. Angecheka ningemtukana, tungemaliza.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Rehema amepiga simu. Ameuliza jiko. Nimesema linaendelea vizuri. Ameuliza mimi. Nimesema naendelea vizuri. Uongo mara mbili kwa simu moja.

Mama Akello ametupa kitu juu ya ukuta. Jani la shubiri, nene.

"Weka hii kwa mkono, Afande. Jana nilisikia bunduki kwako, nikajua umeanza vita na wewe mwenyewe."

Nimeliweka. Linapoza. Sikumshukuru. Nilikuwa na hasira, na hasira haikuwa yake.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Nakato amekuja. Nilimwita jana. Amepiga magoti mbele ya jiko, ameingiza kichwa ndani, amekaa humo kama daktari. Ametoka na masizi puani.

"Nani alimwaga maji?"

Nimeficha mkono nyuma.

"Nilikuambia, mzee. Likiwa moto, maji hapana. Hata tone. Ufunge hewa, ufunge mlango, uliache."

Labda alisema. Mimi nilikuwa nazungumza.

Amesema matofali atayajenga upya, bamba jingine analo. Alhamisi litakuwa tayari. Nimeinuka kwa furaha. Halafu amesema, tayari maana yake udongo mbichi tena. Mwanzo kabisa. Vijiti. Moto mdogo, siku moja moja, mpaka ukauke. Kupikia watu wengi Jumapili haiwezekani.

Nimemwambia tunaweza kuruka siku moja au mbili. Nimemwambia mimi ni sajini wa jiko.

"Ssebo, udongo haujui cheo."

Nimemtazama kwa macho ya gwaride. Ameendelea kufuta mikono. Hawa naye alikuwa hivyo, macho yale hayakumfanya kitu.

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba

Nakato amemaliza. Pia amekata mbao zilizoungua na kuweka bati kuzunguka bomba, mbali kidogo, hewa ipite. Bamba jipya. Ukiliangalia huwezi kujua lililotokea. Rehema akija Jumapili hatajua.

Nimekaa na wazo hilo tangu mchana.

Kesho niwashe moto mdogo, Jumamosi niwashe wa nguvu, Jumapili nipike. Nani atasema. Matofali yanaweza kuvumilia siku moja. Yanaweza. Nimewapigia hesabu wageni mahali pa kukaa. Wazee sebuleni. Wanawake chumba cha nyuma. Watoto watakaa jikoni, watoto hukaa penye joto. Binti wa Rehema, Hawa mdogo, aliyepewa jina la bibi yake, ana tabia ya kuegemea ukuta na kunyonya kidole. Ataegemea ukuta ule. Chini ya bomba.

Nimepiga simu.

Nimesema, fanyeni Kyebando. Nimesema jiko lilipasuka, nililipasua mimi, kwa maji, na kwamba Jumapili halitafaa. Nimesema haraka kama ripoti. Nilingoja aniambie, si nilikuambia.

"Baba, uliumia?"

Nimesema kidogo. Nimekata simu. Sikuweza kuendelea.

Kwa hiyo hawaji. Viti nimevirudisha mahali pake. Nyumba hii imeshindwa, na aliyeishinda ni mimi.

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba

Vijiti. Mama Akello amesema panya wamerudi kula. Nimemwambia leo wanakula vizuri. Amecheka kicheko kirefu, amekohoa. Sikwenda msikitini, nimeswali nyumbani. Sitaki kumwona Musa. Sitaki wazee wale waniulize saa ngapi waje.

Wameshaambiwa. Rehema amewaambia wote. Hakuna hata mmoja aliyepita kuniuliza lolote.

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba

Moto mkubwa kidogo. Nimezoea kuusikiliza. Kuni kavu inalia vingine, mbichi inapiga mluzi. Ukifunga hewa kidogo unashuka, mshale unasubiri, unashuka nao. Si kama jiko la jeshi. Lile ulilipigia kelele. Hili likipigiwa kelele linakasirika.

Kesho nimeamua siendi Kyebando. Jiko halitakiwi kuachwa peke yake, fundi alisema. Ni zamu yangu. Mtu haachi zamu.

Jumapili, tarehe 19 Oktoba

Rehema alikuja mwenyewe asubuhi, bila kupiga simu, na kanzu yangu nyeupe ameipiga pasi kwake. Nilimwambia habari ya zamu. Alitazama jiko. Lilikuwa baridi, sikuwa hata nimewasha.

"Jiko halina miguu, Baba. Utalikuta. Vaa."

Nilivaa. Alinifunga vifungo, mkono wangu bado haukunjiki.

Kyebando watu wengi. Turubai mbili. Viatu mlangoni vingi mpaka nilipoteza ndala yangu moja. Nilisimama pale nikitafuta na moyo ukauma. Vilitakiwa kuwa kwangu.

Musa alikuwepo. Alisogea, nikakaa karibu naye. Hakusema neno juu ya jiko. Kwa wazee wengine alisema dari ya Afande ilipona kwa sababu Afande hakukimbia. Alijua ninasikia. Sijui kama nimemsamehe kwa kuniheshimu.

Shehe kijana alisoma vizuri. Halafu akasema marehemu alikuwa mpole. Hawa hakuwa mpole. Alishawahi kunipiga kwa mwiko mbele ya koplo wangu, na koplo akasema alikuwa anatazama upande mwingine. Nilitaka kusimama niseme. Ilikuwa dua, nikakaa. Watu mia wanamwombea mwanamke mwingine, mpole, simjui. Nilijisikia mgeni kwenye dua ya mke wangu.

Wanawake walipika gurusa uani kwa sigiri. Nilikaa mbali na moshi, Rehema alikuwa ananiangalia kama mlinzi. Mmoja akaniletea sahani. "Baba Rehema, tumeweza?" Zilikuwa zimeungua pembeni, moto mkali mno. Nikasema mmeweza.

Walitaka nilale. Nimerudi. Miguuni ndala za mtu mwingine, kubwa.

Jumanne, tarehe 21 Oktoba

Jana na leo moto. Kila siku zaidi kidogo. Harufu ya rangi imeisha. Nakato alipita, akaweka kiganja kwenye matofali, akasema sasa ni lako. Nilimkaribisha chai, akasema ana kazi Kabalagala, hoteli. Watu wote wana kazi.

Rehema anapiga simu kila jioni sasa. Anauliza mshale uko wapi. Namwambia kijani. Halafu hatuna la kusema, tunasikilizana kupumua, anaaga.

Jana usiku niliulowesha unga kwenye bakuli. Kidogo tu, wa mtu mmoja. Hata mtu mmoja sijui kipimo chake, Hawa alikuwa anapima kwa macho. Leo haujachachuka. Nimeufunika.

Alhamisi, tarehe 23 Oktoba

Asubuhi bila mvua. Nimewasha. Nimengoja mshale uingie kijani na ukae. Nimefunga hewa nusu. Umekaa.

Kabla ya kugusa unga nimevua viatu, nimeviacha mlangoni, nimekaa mkekani, nimemsomea Hawa. Fatiha, na nilichokumbuka cha Yasini, si yote. Nimesema kwa sauti. Nimesema pia kwamba hakuwa mpole, Mungu anajua, amsamehe na hilo. Sauti yangu peke yake. Nyumba imesikia.

Halafu nimepaka mafuta bamba kwa kitambaa. Gurusa ya kwanza imeshika, nimeikwangua, paka amekula. Ya pili imetoka nene kama kandambili. Nimeongeza maji kwenye unga. Nimemwaga tena, nimezungusha na mgongo wa upawa kutoka katikati kwenda nje, mkono mwepesi.

Imetoka nzuri. Nyembamba, vitundu kila mahali, haina doa. Imeachia chuma yenyewe. Nzuri kuliko za Hawa. Hapana. Sawa na za Hawa.

Nimetoka mlangoni na sahani. Kwa Mama Akello kumefungwa, amekwenda kwao kwenye mazishi. Barabarani boda moja imepita, dereva hakugeuka. Nimesimama kidogo, ikaanza kupoa.

Nimerudi ndani. Nimekaa mezani. Nimeila.